Tetesi za Konsoli na Bonasi ya Majani Chai



Wasomaji wetu wapenzi, akina mama na jamaa wote wa pwani mnaotufuata kila juma, tunawaandikia kutoka Merigi, Kaunti ya Bomet, katika majira ambayo mambo mawili hukutana nyumbani. La kwanza ni bonasi ya majani chai, wanayolipwa wakulima wadogo kupitia viwanda vyao ifikapo Oktoba. La pili ni likizo ndefu: shule zimefungwa, na watoto watakuwa mikononi mwetu hadi Januari. Mambo haya mawili yakikutana huzaa la tatu, nalo ni maombi. Mwaka 2025 ombi tulilolisikia katika nyumba nyingi za huku, na katika simu za jamaa zetu wa Mombasa na Malindi, ni konsoli ya mkononi, yaani ile mashine ya michezo yenye kioo chake na vitufe vyake ambayo mtoto huishika kama kitabu.

Ajabu ya ombi hili ni kwamba mara nyingi kijana haombi mashine iliyopo dukani. Anaomba pesa ziwekwe pembeni, zisiguswe, mpaka itoke ile inayosemwa. Ukimuuliza inasemwa na nani, hukutajia majina ya chipu, idadi ya nyuzi zake na kasi ya memori, kwa yakini ambayo hata muuza duka hana. Mama hubaki ameshika pesa mkononi, asijue kama anamsikiliza mtoto mwenye maarifa au mtoto aliyezugwa. Leo tungependa kumsaidia mama huyo. Jibu letu kwa ufupi ni hili: tetesi za mashine hizi si uwongo mtupu, na wakati mwingine huwa za kweli kabisa, ila hujibu maswali tofauti na yale ambayo aila inayahitaji ili itoe pesa.

Tuanze na tetesi yenyewe inayovuma zaidi, ile ya kampuni ya Sony. Novemba 2024 shirika la habari la Bloomberg liliripoti kwamba Sony imo katika hatua za mwanzo za kuunda konsoli ya mkononi itakayocheza gemu za PS5, na kwamba huenda ikapita miaka kabla haijafika sokoni. Septemba 2025 Sony ikaiongezea PS5 hali ya kupunguza matumizi ya umeme kwa baadhi ya gemu. Kisha tarehe 9 Oktoba, Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS5, akatokea pamoja na Jack Huynh wa kampuni ya AMD, wakaeleza mbinu tatu wanazozibuni kwa pamoja: ya kwanza ni kuunganisha sehemu za chipu ili zifanye kazi za akili mnemba kwa umoja, ya pili ni kutenga sehemu maalumu ya kufuatilia miale ya mwanga, na ya tatu ni kubana kila data inayopita kati ya chipu na memori. Cerny mwenyewe alisema mambo haya kwa sasa yamo katika majaribio ya kompyuta tu, na kwamba angetamani kuyaona katika konsoli ya baadaye, miaka michache ijayo.

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Tazameni sasa yanavyogeuzwa. Kubana data hupunguza umeme, na mashine ya mkononi inahitaji umeme mdogo. Basi, wasema vijana, mashine ya mkononi inakuja. Hali ya kupunguza umeme imewekwa kwenye PS5. Basi wanaandaliwa watengenezaji wa gemu kwa ajili ya mashine hiyo. Hoja hizi si za kipumbavu. Sisi wenyewe tunaziona zina mantiki. Lakini Cerny na Huynh hawakutangaza konsoli yoyote ya mkononi siku ile, na mpaka tunapoandika haya Sony haijataja jina lake, bei yake, wala siku yake. Kijana amechukua habari tatu za kweli, akazifuma, akavaa nguo ambayo bado haijashonwa.

Ndiyo maana tunashauri kila tetesi iulizwe maswali matatu, na yasichanganywe. Je, kitu hiki kinakuja? Kinakuja lini? Na kitakapokuja, kitakuwa na bei gani, na betri yake itadumu saa ngapi? Historia ya mashine hizi inaonyesha kwamba tetesi hujibu swali la kwanza vizuri kiasi, la pili vibaya, na la tatu karibu haligusi kabisa. Na aila hununua kwa jibu la swali la tatu.

Chukueni mfano wa Nintendo. Julai 2016, miezi mitatu kabla ya konsoli ya Switch kuonyeshwa hadharani, waandishi wa habari za michezo walishaeleza kwamba itakuwa mashine ya mkononi yenye vishikizo vinavyochomoka, na kwamba itatumia chipu ya Nvidia. Yote mawili yakawa kweli. Wengi wakatabiri zaidi kwamba chipu hiyo itakuwa ya kizazi kipya kilichoitwa Pascal. Hapo wakakosea: Switch ilipotoka tarehe 3 Machi 2017 ilikuwa na Tegra X1, chipu ambayo Nvidia iliitangaza mwaka 2015. Umbo lilijulikana, nguvu ikakisiwa kupita kiasi.

Mfano wa pili una uchungu zaidi. Machi 2021 iliripotiwa kwamba Nintendo inaandaa Switch mpya yenye kioo cha OLED cha inchi 7, na kwamba ikiunganishwa na televisheni itatoa picha za 4K. Tarehe 6 Julai mwaka huo Nintendo ikatangaza Switch mpya. Kioo cha OLED cha inchi 7 kilikuwapo. 4K haikuwapo, na prosesa ilikuwa ileile. Aliyekuwa ameweka pesa zake akingoja picha za 4K alizipata kwa Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025. Kutoka ile habari ya Machi 2021 hadi siku hiyo ni miaka minne na miezi mitatu. Mtoto wa miaka 10 alikuwa amefika 14, amevuka kutoka shule ya msingi, na huenda hamu yenyewe ilikwisha kumtoka. Tetesi haikuwa ya uwongo. Ilikuwa ya kweli kwa mtu asiye na haraka.

Sasa tuingie kwenye swali la tatu, ambalo ndilo letu. Ili kulielewa, hatuhitaji shahada ya uhandisi. Tunahitaji kuitazama taa ya nyumbani. Betri ya Switch 2 ina nguvu ya miliampea-saa 5,220, ambazo kwa makadirio ni wati-saa 20. Nintendo inasema betri hiyo hudumu kati ya saa 2 na saa 6 na nusu, kulingana na gemu. Gawanyeni 20 kwa 2, mnapata wati 10. Gawanyeni kwa 6 na nusu, mnapata kama wati 3. Yaani kioo, chipu, memori, sauti na mawasiliano, vyote pamoja, vinatumia umeme wa balbu moja ya kisasa ya sebuleni. PS5 iliyowekwa kando ya televisheni hutumia takriban wati 200 gemu nzito inapochezwa. Kijana anaposema mashine ya mkononi itakuwa sawasawa na PS5, mwambieni aeleze kazi ya wati 200 itafanywaje kwa wati 10 au 15, na joto litakwenda wapi ikiwa mashine iko kwenye viganja vyake. Akitaka betri kubwa, ajue uzito wake: ROG Xbox Ally X, iliyotoka tarehe 16 Oktoba 2025, ina betri ya wati-saa 80, na uzito wake ni gramu 715. Switch 2 pamoja na vishikizo vyake ni gramu 534.

Kwa sababu umeme ni huo mdogo, wahandisi wametafuta hila, nayo ndiyo hiyo inayotajwa katika kila tetesi ya siku hizi: kukuza picha kwa akili mnemba. Tuieleze kwa kofia zetu za pwani. Picha ya kioo imefumwa kwa nukta, kama kofia ya vitobo ilivyofumwa kwa vishimo. Picha ya kiwango cha 1080p ina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2. Ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8, mara nne kamili. Mshonaji anayetoboa kila kitobo mwenyewe huchukua muda mrefu. Lakini mshonaji aliyeshona mamia ya kofia, akionyeshwa robo ya nakshi, anaweza kukisia robo tatu zilizobaki, na mara nyingi hakosei. Chipu hufanya vivyo hivyo: huchora nukta chache kwa kazi halisi, kisha sehemu yake iliyofunzwa hujaza zilizobaki kwa makisio. Mbinu ya Nvidia huitwa DLSS, nayo imo ndani ya Switch 2. AMD ina yake iitwayo FSR, na Sony ina yake iitwayo PSSR.

Hila hii ni neema kwa mashine ndogo, lakini ina mipaka ambayo tetesi haizitaji. Kukisia nako kunatumia umeme. Nakshi iliyokisiwa kutoka nukta chache mno huwa na ukungu, hasa vitu vinapokwenda mbio. Na juu ya kioo cha inchi 7 au 8, jicho la mtoto haliwezi kufaidi nukta milioni 8. Ndiyo sababu Switch 2 ikiwa mkononi huonyesha 1080p, na 4K huiacha kwa televisheni. Kwa hiyo neno 4K likitajwa katika tetesi ya mashine ya mkononi, ulizeni: ikiwa mkononi, au ikiwa imechomekwa kwenye televisheni? Hayo ni mambo mawili tofauti.

Wale wetu waliokuwa watoto miaka ya 1990 wanakumbuka jambo hili kwa sura nyingine. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa Game Boy, kazi ya kikosi cha Gunpei Yokoi, yenye kioo kisicho na rangi wala mwanga wake, na nukta 160 kwa 144 tu. Mwaka 1990 Sega ikaitokea na Game Gear, yenye rangi na kioo chenye mwanga. Kwa michoro, Game Gear ilishinda waziwazi. Lakini ilikula betri 6 za mwiko kwa saa chache, ilhali Game Boy ilitosheka na betri 4 kwa saa nyingi zaidi. Game Boy pamoja na ndugu yake wa rangi aliyefuata ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear haikufika hata sehemu ya kumi ya hizo. Aliyenunua kwa kutazama picha alirudi dukani kununua betri. Huku Merigi, ambako mvua kubwa ya jioni huweza kuondoka na stima hadi asubuhi, somo hilo bado halijazeeka.

Sasa hesabu ya pesa. Switch 2 ilitangazwa kwa dola 449.99 huko Marekani. Kwa kiwango cha mwaka 2025 cha kama shilingi 129 kwa dola, hizo zilikuwa takriban shilingi 58,000, kabla ya usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na faida ya mwenye duka. Ally X, iliyotoka kwa dola 999.99, ilikuwa takriban shilingi 129,000 kabla ya hayo yote. Jamaa zetu wa Mombasa wanaifahamu chai inapofika mnadani kwao, imekauka na kutiwa magunia. Sisi tunaifahamu ikiwa bado majani mabichi kwenye kapu mgongoni. Tuseme, kwa mfano tu, kiwanda kinalipa bonasi ya shilingi 20 kwa kilo: shilingi 58,000 ni bonasi ya kilo 2,900 za majani, yaliyochumwa vidole viwili vidole viwili kwa mwaka mzima. Na mwaka 2025 wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa walilalamika hadharani kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Pesa hizi haziji mara mbili, na Januari ina karo, sare na vitabu.

Tena, bei ya mashine si mwisho wa gharama. Gemu ya Mario Kart World pekee iliuzwa kwa dola 79.99, zaidi ya shilingi 10,000. Baadhi ya kadi za gemu za Switch 2 hazina gemu ndani yake. Zina ufunguo tu, na gemu yenyewe hupakuliwa kwa intaneti, makumi ya gigabaiti. Anayeishi kwa bando za simu aipige hesabu hiyo kabla. Kadi za kumbukumbu za kawaida, zile tunazotia kwenye simu, haziwezi kuhifadhi gemu za Switch 2. Inahitaji aina mpya ya microSD Express, ambayo ni ghali zaidi. Na akina mama wajihadhari na kifaa kiitwacho PlayStation Portal, cha mwaka 2023: huonekana kama PS5 ya mkononi, lakini hakichezeshi gemu kwa nguvu zake chenyewe. Hupokea picha kwa njia ya intaneti, na pasipo mtandao wa kasi ni kioo kitupu.

Je, basi kungoja ni akiba? Zamani mara nyingi ilikuwa hivyo. Nintendo 3DS ilitoka Marekani kwa dola 249.99 mwezi Machi 2011, na kufikia Agosti ikashushwa hadi dola 169.99. Lakini Agosti 2025 mambo yalikwenda kinyume: Switch ya zamani na PS5 zote zilipandishwa bei nchini Marekani. Kwa hivyo hatuwezi kumwambia mama kwamba kila angojaye hufaidika. Tunachoweza kusema ni kwamba asingoje kwa sababu ya tetesi, wala asinunue kwa sababu ya tetesi. Anunue au aache kwa sababu ya kitu kinachoonekana, chenye bei inayojulikana.

Liko jambo moja ambalo hatutalizungumza kwa upole. Mtu akija na ahadi ya kukuwekea nafasi ya konsoli ambayo kampuni yenyewe haijaitangaza, akataka amana, msimpe hata senti. Sheria yetu ya biashara imekataza gharari, yaani mauzo ambayo sifa za kitu hazijulikani. Hata mauzo ya salamu, ambayo mtu hulipa leo akapokea baadaye, yamewekewa masharti: sifa zibainishwe, kiasi kijulikane, siku itajwe, na bei ilipwe yote palepale. Mashine ya tetesi haina sifa zilizothibitishwa, haina siku, wala haina bei. Kwa nini basi iwe na amana?

Na mtoto tumwambie nini? Tusimdhihaki. Kijana au binti anayejua tofauti ya chipu mbili ana akili inayofanya kazi, na hatupati kila siku mtoto anayezungumza wati na nukta kwa hiari yake. Tumpe karatasi na kalamu, aigawe safu tatu. Katika ya kwanza aandike yaliyotangazwa na kampuni yenyewe, pamoja na tarehe. Katika ya pili aandike yanayokisiwa, na kila kisio aonyeshe limetokana na lipi katika safu ya kwanza. Katika ya tatu aandike yasiyosemwa na mtu yeyote: bei, saa za betri, ukubwa wa gemu za kupakua, nani ataitengeneza ikiharibika. Kisha aje aisome mbele ya baba na mama. Tumeona katika nyumba za huku kwamba mtoto akifika safu ya tatu hupunguza sauti mwenyewe, bila kukemewa.

Tena tumkataze jambo moja: asiuze mashine aliyonayo sasa kwa kutarajia isiyokuwapo. Iliyopo inacheza leo, na mdogo wake nyumbani anaingoja zamu. Zile pesa za mkono wa Idi alizoziweka ni zake, aziweke. Lakini bonasi ya majani ni ya aila nzima, na hupangwa kwa yale ambayo tarehe zake zimekwisha andikwa. Ile mashine ikitangazwa kweli, pamoja na bei na siku yake, safu ya tatu itajazwa, na mazungumzo yataanza upya kwa haki.

Tukutane juma lijalo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.